TAHARIRI: Kampuni zikihamia wingu mseto, vijana wasiachwe mlangoni

USIKU wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulitumbukia gizani. Biashara yoyote iliyokuwa imeweka seva zake zote katika chumba kimoja, bila jenereta ya kutegemewa, haikuwa na la kufanya ila kungoja.

Haukupita mwaka, mambo yakageuka. Jumapili ya Mei 12, 2024, stima ilikuwapo, ila intaneti ilianza kujikokota kama mkokoteni kwenye matope. Nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Safari hii waliojikuna kichwa zaidi ni wale waliokuwa wamepeleka kazi yao yote kwenye mashine za ng'ambo. Ofisi zilikuwa na taa, feni zilizunguka, lakini mteja akifika kwenye dirisha alijibiwa kauli tuliyoizoea sote: mfumo uko chini.

Matukio hayo mawili yana funzo moja. Kuweka kila kitu nyumbani ni hatari, na kuweka kila kitu kwa jirani pia ni hatari. Ndiyo maana kampuni nyingi sasa zinafuata njia ya katikati iitwayo wingu mseto. Baadhi ya kazi zinabaki kwenye mashine za kampuni zilizo humu nchini, na zingine zinapelekwa kwa wenye mawingu makubwa kama vile Amazon, Microsoft na Google.

Tunaunga mkono njia hiyo. Lakini tunasema wazi kwamba haitafika mbali iwapo vijana wa humu nchini hawataruhusiwa kuingia katika chumba cha seva, wakaguse mashine na wakajua zinavyofanya kazi. Kampuni isiyo na mtu wake wa kuelewa mambo haya haichagui chochote. Inachaguliwa na muuzaji.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wetu tukisikia neno wingu tunafikiria kitu kinachoelea angani. Hakuna kitu kama hicho. Wingu ni tarakilishi ya mtu mwingine, imefungiwa katika jengo fulani, inakula stima na kupulizwa na feni usiku na mchana. Microsoft ilifungua vituo vyake vya Afrika Kusini mwaka 2019. Amazon ilifungua cha Cape Town Aprili 2020, nayo Google ikafungua cha Johannesburg Januari 2024. Kuhusu Kenya, Oracle ilitangaza Januari 2024 mpango wa kuleta kituo Nairobi, na Mei mwaka huo Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zikatangaza mradi wa dola bilioni 1 unaojumuisha kituo cha data kitakachotumia mvuke wa Olkaria. Ahadi ni njema, ila kutangaza si kufungua. Data inayokaa katika vituo vya Afrika Kusini ama Ulaya inategemea nyaya za mbali, zikiwemo zile za baharini.

Sasa swali ni hili: mashine zinazobaki nyumbani zipangwe vipi?

Kwa miaka mingi, chumba cha seva kilikuwa na vitu vya aina tatu. Kulikuwa na seva zenyewe, kabati kubwa la diski ambamo data yote huhifadhiwa, na swichi maalum za kuunganisha seva na kabati hilo. Kila kimoja kilinunuliwa kwa muuzaji wake na kilikuwa na fundi wake. Mfumo ukikwama, fundi wa seva anamlaumu wa diski, wa diski anamlaumu wa mtandao, na mteja bado yuko kwenye foleni.

Miundomsingi ya haipakonvaji, ama HCI kama mafundi wanavyoiita, iliondoa kabati hilo. Kampuni hununua seva za kawaida, aghalabu tatu kwenda juu, kila moja ikiwa na prosesa, memori na diski zake. Kila seva huitwa nodi. Kisha programu huzifunga pamoja, diski zote zikaonekana kama ghala moja na kazi zikagawanywa kati ya nodi. Juu ya nodi hizo huendeshwa mashine pepe, yaani tarakilishi zisizoshikika kwa mkono, kila moja ikidhani ina vifaa vyake yenyewe.

Ukitaka picha rahisi, fikiria chama cha akina mama mtaani. Hakuna mwenye sanduku kubwa la pesa. Kila mmoja analeta chake, na kila deni linaandikwa katika madaftari ya watu wawili. Mmoja akiugua, mkutano unaendelea kwa sababu rekodi yake iko kwa mwenzake. HCI hufanya vivyo hivyo. Kila data inaandikwa kwenye nodi mbili ama tatu. Nodi moja ikifa, mashine pepe zilizokuwa juu yake zinawashwa upya kwenye nodi zingine baada ya muda mfupi, na kazi inaendelea.

Na kama ilivyo katika chama, lazima kuwe na akidi. Nodi tatu zikibaki mbili, hizo mbili ndizo wengi, kwa hivyo zinaruhusiwa kuendelea. Lakini ukiwa na nodi mbili pekee na waya wa katikati ukatike, kila moja itadhani mwenzake amekufa. Zote zikishika usukani kwa wakati mmoja, data inavurugika. Ndiyo maana mfumo wa nodi mbili huhitaji shahidi wa pembeni, ambaye anaweza kuwa mashine ndogo tu iliyo mahali pengine.

Teknolojia hii si mgeni wa jana. Nutanix, mojawapo ya kampuni zilizoivumisha, ilianzishwa mwaka 2009. VMware ilileta yake, vSAN, mwaka 2014. Microsoft nayo ina Azure Local, ambayo hadi Novemba 2024 iliitwa Azure Stack HCI. Kisha kuna Proxmox kutoka Vienna, Austria, programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila kulipa hata senti.

Uhusiano wake na wingu mseto uko hapa. Kwa kuwa kila kitu kimegeuzwa kuwa programu, mashine pepe iliyo Nakuru inaweza kunakiliwa na kuwashwa kwingine. Nutanix, kwa mfano, huweza kuendeshwa hata kwenye seva za Amazon na Microsoft, na fundi akasimamia pande zote mbili kutoka skrini moja.

Chukua mfano wa sacco yenye matawi matano. Daftari la akiba na mikopo ya wanachama linabaki kwenye nodi tatu katika makao makuu. Tovuti, barua pepe na programu ya simu zinakaa kwenye wingu. Kila usiku, nakala ya daftari inafungwa kwa msimbo na kutumwa wingu. Waya wa baharini ukikatika, karani bado anahudumia watu dirishani kwa sababu daftari liko karibu. Jengo likishika moto, nakala iko salama mbali. Na msimu wa kulipa gawio ukifika, kila mwanachama akitaka kuingia kwenye simu yake saa ile ile, sacco inakodisha nguvu zaidi kwenye wingu kwa siku chache kisha inairudisha.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kusafirisha data ya wananchi nje ya nchi kiholela. Kanuni zake za 2021 zinaenda mbali zaidi: kwa shughuli zenye umuhimu kwa taifa, kama vile usajili wa watu na uchaguzi, data ichakatwe humu nchini ama angalau nakala moja inayotumika iwe katika kituo cha data kilicho Kenya. Kwa taasisi za aina hiyo, kuwa na mguu mmoja nyumbani si suala la kupenda.

Tukija kwa pesa, bili ya wingu aghalabu huja kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban Sh124. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imegonga Sh160. Kampuni iliyokuwa ikilipa dola 2,000 kwa mwezi iliona bili ikipanda kutoka karibu Sh248,000 hadi Sh320,000, bila kuongeza hata mtumiaji mmoja. Baadaye shilingi ilipata nguvu, lakini mhasibu aliyepitia miezi hiyo hajaisahau. Ni kweli seva nazo hununuliwa kwa dola. Tofauti ni kwamba unazilipia mara moja, kisha unabaki na gharama za stima, upozaji na mishahara.

Hata hivyo, hatutaki msomaji wetu adanganywe na wauzaji wenye suti na slaidi za kupendeza. HCI si dawa ya kila ugonjwa.

Biashara yenye wafanyakazi kumi na mhasibu mmoja haihitaji seva tatu. Ikodishe programu ya hesabu mtandaoni, iweke nakala zake vizuri, na maisha yaendelee.

Pili, piga hesabu kabla ya kutia sahihi. Nodi tatu zenye terabaiti 10 kila moja zinakupa 30 kwenye karatasi. Kwa kuwa kila data inaandikwa mara mbili, zinabaki 15. Ukitaka nodi moja ikifa data iweze kujipanga upya kwenye mbili zilizobaki, usitumie zaidi ya 10. Muuzaji atakuambia 30. Ni kazi ya fundi wako kusema 10.

Tatu, nakala zilizo ndani ya klasta si hifadhi ya dharura. Mdukuzi akiingiza programu hasidi ya kudai fidia na kufunga mafaili, nakala zote za ndani zinafungwa papo hapo, kwa kuwa mfumo unatii tu amri ya kuandika. Kanuni ya kale ya mafundi bado inafanya kazi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo.

La nne ndilo zito zaidi, nalo ni kufungwa na muuzaji mmoja. Novemba 2023, kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware kwa takriban dola bilioni 69. Wiki chache baadaye ilisitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Wateja wakaambiwa walipie kwa vipindi, tena kwa vifurushi vilivyokusanya bidhaa nyingi pamoja. Malalamiko ya bei kupanda yalisikika kutoka pembe nyingi za dunia. Hata kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, ilikwenda mahakamani mwaka 2024, kabla ya pande hizo mbili kuelewana. Kama jitu la aina hiyo lilibanwa, hospitali ya kaunti ama kiwanda cha chai kitasema nini?

Jibu la kubanwa ni kuweza kuhama, na kuhama kunahitaji watu wanaojua njia. Tazama kampuni ya Marekani ya 37signals, inayounda programu ya Basecamp. Bili yake ya wingu mwaka 2022 ilikuwa dola milioni 3.2. Mwaka uliofuata ilinunua seva zake na kuondoa huko sehemu kubwa ya kazi zake, ikikadiria kwamba ingeokoa karibu dola milioni 7 kwa miaka 5. Wengi walioisoma habari hiyo walikimbilia hesabu za pesa. Sisi tunaona kitu kingine. Kampuni hiyo iliweza kuondoka kwa sababu tayari ilikuwa na mafundi walioajiriwa, wanaojua seva ni mnyama gani. Bila watu hao, hata ingeshushiwa bei mara mbili isingethubutu kugusa waya.

Hapo ndipo tunapotaka kuzungumza na waajiri wa Kenya bila kuzungukazunguka. Kijana anatoka chuoni, anakuja kwenu kwa mafunzo ya kazini ya miezi mitatu. Kazi anayopewa ni kutoa fotokopi, kubadilisha wino wa printa na kutumwa kununua mandazi. Chumba cha seva anakiona kupitia kioo cha mlango. Akimaliza anapewa barua nzuri yenye mhuri. Mwaka mmoja baadaye mnatangaza nafasi ya kazi na kuandika: awe na uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu huo alitakiwa kuupata wapi, kama si kwenu?

Tunaelewa woga wenu. Hakuna bosi anayetaka mwanagenzi ang'oe waya usiofaa saa nne asubuhi wateja wakiwa wamejaa. Lakini HCI yenyewe inatoa nafasi. Mfumo uliojengwa ili nodi moja ikifa kazi iendelee unapaswa kujaribiwa kwa kuzima nodi moja. Tengeni Jumamosi moja kila miezi sita, zimeni nodi kwa mpango, rudisheni data kutoka kwenye nakala, na waacheni vijana washike kibodi fundi mkuu akiwa kando yao. Mkigundua kwamba nakala hairudi, heri mjue Jumamosi hiyo kuliko siku ya moto.

Na mnapotia sahihi mkataba na muuzaji, wekeni kipengele kwamba atawafundisha wafanyakazi wenu wawili na mwanafunzi mmoja hadi waweze kuongeza nodi wenyewe. Muulizeni pia swali moja kabla hajatoka mlangoni: siku tukitaka kuondoka, tutatoa vipi mashine zetu, na itatugharimu pesa ngapi? Akibabaika, mmepata jibu.

Vyuo vyetu vikuu na vya kiufundi navyo havina budi kujitazama. Mwanafunzi hawezi kuhitimu katika somo la mifumo bila kuwahi kuona diski ikifa na data ikijipanga upya. Hili halihitaji mamilioni. Tarakilishi tatu kuukuu za ofisi, zilizotupwa stoo kwa sababu ni nzito kwa programu mpya, zinatosha kuwa darasa. Wahadhiri wasingoje bajeti kubwa ya kujenga maabara ya kung'aa.

Na sasa nyinyi vijana wenzetu. Msingoje kuitwa. Mkiwa watatu ama wanne, changeni kama mnavyochanga bando, mtafute tarakilishi za mitumba pale Luthuli ama mtaani kwenu. Wekeni Proxmox kwenye zote tatu, ziungeni ziwe klasta, kisha wasilisheni hifadhi ya pamoja kwa Ceph, ambayo imo ndani yake. Undeni mashine pepe moja, iwekeeni tovuti ndogo. Halafu fanyeni jambo ambalo hakuna video itakayowafundisha vizuri kulishinda: ng'oeni waya wa stima wa mashine moja na mtazame saa. Tovuti imerudi baada ya muda gani? Kama haikurudi, kwa nini? Andikeni kila kitu.

Asiye na mashine tatu aanze na moja yenye memori ya kutosha, aunde nodi pepe ndani yake. Zitakwenda polepole, lakini somo ni lile lile. Nutanix pia ina toleo la bure la kujifunzia. Mabinti, msiachie wavulana kazi hii mkidhani ni ya kubeba vyuma. Sehemu kubwa ni kufikiri, kupima na kuandika.

Jifunzeni pia kuzungumza na mhasibu. Fundi anayeweza kuandika ukurasa mmoja, kwa shilingi, akilinganisha kubaki, kuhama na kuchanganya kwa miaka mitano, husikilizwa kuliko mwenye vyeti kumi ukutani. Jumuisheni stima, leseni, intaneti, mshahara na hasara ya saa moja ya mfumo kuwa chini. Mkifika kwa mahojiano ya kazi na karatasi kama hiyo, pamoja na daftari la majaribio yenu, swali la uzoefu litakuwa na jibu.

Serikali imejenga kituo cha data Konza na inasambaza nyaya za faiba. Ni sawa. Lakini nyaya na majengo hayajiendeshi. Kila shilingi inayotengwa kwa vyuma iwe na sehemu yake kwa watu, la sivyo tutakuwa na vituo vya kisasa vinavyofunguliwa na wageni kila panapotokea hitilafu.

Stima itapotea tena siku moja, na waya wa baharini utakatika tena. Hayo hatuwezi kuyazuia. Siku hiyo, katika ofisi fulani ya Eldoret ama Mombasa, bosi atatoka chumbani kwake na kuuliza nani anajua la kufanya. Tunataka pawe na kijana ambaye tayari ameshaingia katika chumba kile cha seva, na anajua ni nodi ipi ya kuanza nayo.